Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu, na nakuomba ukiipunguza usiiguse ile sehemu ya hesabu, maana hiyo ndiyo niliyokalia kitako kuiandika.

Mimi ni mama wa miaka 54, mkaazi wa Chake Chake, Pemba. Kazi yangu ni chumvi. Tangu nina miaka 27 nashinda kwenye majaruba pembeni mwa mikoko. Bamvua likija tunaingiza maji ya bahari kwenye jaruba kubwa, tunayahamisha jaruba hadi jaruba huku jua linayala, mpaka chumvi inaota chini. Tunaikokota kwa reki, tunairundika ichuje, tunainyunyizia madini joto, tunaitia kwenye mapolo. Watoto wangu wanne wamesoma kwa chumvi, kwa hiyo sikai hapa kuitukana. Naandika kwa sababu kaka yangu, tuliyefanya naye kazi hii tangu mwanzo, amefariki kwa maradhi ya figo, na mambo yaliyomfikisha kule nayaona kila siku katika nyumba za wenzangu na hakuna anayeshtuka.

Kilichonikalisha chini niandike ni barua ya msomaji mmoja aliyesema kuwa figo zinasafishwa kwa madafu mawili asubuhi na juisi ya birimbi usiku. Najua aliandika kwa nia njema. Nitamjibu, lakini kwanza nieleze ya kaka.

Kaka alikuwa mtu wa nguvu. Ana miaka hamsini lakini polo la chumvi analinyanyua peke yake. Maradhi aliyoyajua ni maumivu ya mgongo tu, na hayo sote tunayo: unainama na reki tangu jua halijachomoza, miguu imo ndani ya maji makali yanayoingia kwenye nyufa za kisigino, ukija kuinuka kiuno hakitaki. Jioni alikuwa akipita duka la dawa. Alishazoeleka, hata hakuwa na haja ya kusema. Anaweka pesa juu ya meza, anakatiwa vidonge vinne vya maumivu, diklofenaki. Hakuulizwa kama ana presha, hakuulizwa kama amekula, hakuulizwa anavinywa tangu lini. Alivinywa hivyo kwa miaka minne. Akikuona umeshika kiuno, anakugaia na wewe kimoja.

Na maji alikuwa hanywi. Majaruba yako mbali na bomba. Tunakwenda na dumu la lita tano, watu sita, na likiisha limeisha mpaka turudi. Mchana alikula embe mbichi na pilipili, chumvi yake anaichota palepale kwenye rundo kwa vidole vitatu. Usiku wali na papa wa ng'onda. Sisemi haya kumlaumu marehemu, Allah amrehemu. Ndivyo tulivyokula sote, na mimi wa mwanzo.

Ilianza kwa kuamka usiku. Wifi yangu alihesabu mara nne, mara tano, tukasema umri huo. Mkojo ukawa na povu lisilokwisha hata ukimwagia maji, tukasema ni sabuni iliyobaki chooni. Asubuhi anaamka chini ya macho pamevimba, tukasema usingizi mwingi. Siku viatu vyake vya mpira vilipokataa kuingia ndipo tulipotazamana. Lakini bado alikwenda kazini. Alipoanza kutapika na kujikuna mwili mzima bila ya upele hata mmoja, tukampakia kwenye gari. Presha yake siku ile ilikuwa 210 kwa 120. Walipopima damu, daktari akatuita pembeni akatwambia kazi ya figo zake imebakia chini ya asilimia kumi.

Nilimuuliza, "Daktari, mbona hata siku moja hajalalamika kuumwa na figo?"

Akanijibu, "Mama, figo mara nyingi haziumi. Mtu anapoteza zaidi ya nusu ya kazi yake na bado analima."

Huyo daktari Mungu amzidishie, maana alikaa na sisi akatueleza kwa lugha tunayoifahamu. Alituuliza dumu kubwa la maji lina lita ngapi. Tukamwambia ishirini. Akasema: figo zenu mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, zinachuja kiasi cha madumu tisa kwa siku. Katika madumu tisa hayo zinarudisha mwilini karibu yote, na kinachotoka kuwa mkojo ni lita moja na nusu au mbili. Zinachuja kwa vijishipa vyembamba, kama milioni moja katika kila figo. Presha inapopanda ni sawa na bomba linalosukuma maji kwa nguvu kwenye chujio la kitambaa: halipasuki siku hiyo, linachakaa uzi mmoja mmoja. Kisukari nacho kinakichakaza kitambaa hichohicho. Na ile diklofenaki, pamoja na ibuprofeni na jamaa zake, inabana njia ya damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu aliyeshinda juani bila maji, tena mwenye presha, inazibana zikiwa zimeshakauka.

Alipotaja chumvi, mimi sikuhitaji maelezo marefu. Kila anayeweka mapolo anajua kuwa chumvi inaita maji. Acha polo sakafuni wakati wa masika, asubuhi utalikuta limelowana na chini pana dimbwi, na hakuna aliyemwaga. Ukila chumvi nyingi, mwili unazuia maji ili kuizimua, damu inaongezeka ndani ya mishipa ileile, na presha inapanda. Nimeiona chumvi ikifanya hivyo miaka yote, na sikuwahi kufikiri kuwa na ndani ya mwili wangu inafanya kazi kama hiyo.

Kaka akahamia Unguja kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Wifi alimfuata, wakapanga chumba kimoja. Huku nyuma tukauza ng'ombe wawili, kisha mikarafuu ikawekwa rehani. Walimuunganisha mishipa ya mkono wa kushoto ili sindano zipate njia, na ukiweka kiganja pale unausikia mkono unavuma kama mzinga wa nyuki. Mjukuu wake alikuwa akipenda kuweka sikio.

Kitu kilichonikata maini zaidi ni maji. Mtu aliyekuwa hanywi alipokuwa na figo zake, sasa anayatamani kutwa na hapewi, kwa sababu akiyanywa hayana pa kutokea, yanakwenda kifuani. Alipimiwa kwa kikombe. Nilimkuta siku moja saa saba mchana, jua kali la kaskazi, anamung'unya kipande cha barafu kidogo kama kunde, amefumba macho. Akanambia, "Dada, lile dumu letu la lita tano nilikuwa nikiliacha linarudi nyumbani na maji."

Tulisikia kuwa tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza figo, ndugu tukakaa kikao. Mimi nikasema nitatoa yangu. Sikuwa naumwa na kitu, nabeba ndoo, nafunga Ramadhani na sita za Shawwal. Nikaenda kupimwa. Hatukufika hata kwenye damu. Muuguzi alinifunga kile kitambaa cha presha, akatazama, akakifungua, akakifunga mkono wa pili, akaniambia nipumzike, akarudia tena. Ilikuwa 168 kwa 102. Akanishika mkono akasema, "Mama, wewe huwezi kutoa figo. Wewe unatakiwa uzilinde hizo mbili ulizonazo."

Kwa hiyo, Mhariri, nilikwenda kumpa kaka yangu figo nikarudi na karatasi ya dawa za presha. Kaka alikaa kwenye mashine mwaka mmoja na miezi kumi.

Sasa hesabu yangu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tena cha kusawazisha, na humo ndimo ihesabiwe chumvi ya kila kitu alichokila kutwa nzima. Nyumbani kwangu tupo saba: mimi na bwana, mama yangu mzazi, watoto wawili na wajukuu wawili. Saba mara tano ni gramu 35, na watoto wadogo wanatakiwa wapate chini ya hapo. Wenzangu wa majaruba mtanielewa haraka: gramu 35 ni chumvi iliyomo katika lita moja ya maji ya bahari. Basi nyumba nzima, siku nzima, isipite lita moja ya bahari.

Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe juu ya pakiti mpya ya nusu kilo siku niliyoifungua. Gramu 500 ukigawa kwa 35 unapata siku 14. Pakiti yangu ilimalizika siku ya nane. Maana yake ni gramu 62 na kitu kwa siku, karibu tisa kwa kila mtu, hata kama ipo iliyomwagika na maji ya kuchemshia. Na hapo sijatia ng'onda, ambayo imekuja na chumvi yake. Sijatia boflo la asubuhi, wala urojo na bajia za jioni, wala vile vidonge vya supu tunavyovivunja mchuzini juu ya chumvi tuliyokwisha kuitia, na sehemu kubwa ya uzito wa kidonge kile ni chumvi tupu.

Naomba kila mama anayesoma afanye hivi leo. Hakuna gharama. Andika tarehe, hesabu watu wanaokula, tazama pakiti inakwisha lini. Mimi niliambiwa "punguza chumvi" na daktari, na na muuguzi, na na redio, na kila mara nilijibu kuwa sisi hatuli chumvi nyingi. Niliamini nasema kweli. Pakiti ndiyo iliyonionesha.

Kupunguza hakukuwa rahisi na sitaki kudanganya. Kwanza niliondoa kichupa cha chumvi mkekani, asipatikane wa kuongeza juu ya chakula kilichokwisha kupikwa. Wali wa nazi nikaacha kuutia chumvi kabisa, kwa sababu mchuzi unayo. Ng'onda naroweka usiku kucha na kuyamwaga maji mara mbili, na tunaila mara moja kwa wiki. Vidonge vya supu nimeviacha. Samaki wa chukuchuku namtia ndimu nyingi, thomu, tangawizi na pilipili mbuzi, na chumvi naitia mwisho, karibu na kuepua, kwa sababu niligundua ikitiwa mwisho ulimi unaipata upesi na kidogo inatosha. Mchuzi wa ukwaju nao hauhitaji chumvi nyingi, ukali wenyewe unabeba ladha.

Mama alikataa. Alisema, "Mwanangu, hiki chakula cha wodini unanipa mimi kwa kosa gani?" Nikamwambia, "Mama, nipe wiki tatu tu, kisha ukitaka nakurudishia." Bwana wangu alinyamaza lakini alikuwa akipita kwa jirani jioni. Wiki ya nne tulialikwa harusini, tukaletewa biriani, na mama baada ya tonge la pili akaniinamia akaninong'oneza kuwa wapishi wamezidisha chumvi. Biriani ile ilikuwa ya kawaida. Ulimi ndio uliorudi mahali pake. Leo, baada ya miezi minne, pakiti yetu ya nusu kilo inafika siku 16, na presha yangu, kwa dawa na kwa chakula, ilikuwa 132 kwa 84 nilipopima wiki iliyopita. Dawa sijaziacha na siziachi kwa kujiona mzima. Kaka wa jirani yetu aliziacha kwa sababu hiyo na akapooza upande mmoja.

Wapo watakaoniuliza nitaishi vipi ikiwa watu watapunguza chumvi. Nimeshalifikiria. Chumvi watu wataendelea kuinunua, na wainunue ile yenye madini joto, kwa sababu mwili unayahitaji, hasa mama mjamzito na mtoto. Kidogo, lakini iliyotiwa madini. Nitauza hiyo kidogo na nitashukuru.

Nije kwa msomaji wa madafu na birimbi. Ndugu yangu, dafu kwa mtu mwenye figo nzima halina ubaya, na mimi juani nalinywa. Lakini dafu limejaa madini ya potasiamu, na kuyatoa ni kazi ya figo. Figo zikishashindwa, yanajikusanya kwenye damu, na yakizidi moyo unaweza kusimama ghafla. Kaka alikatazwa madafu na akapunguziwa ndizi, na wifi alifundishwa kuyakata majimbi na viazi vipande vidogo, kuvichemsha kwa maji mengi, kuyamwaga maji hayo, ndipo apike. Mtu anayesoma barua yako huku figo zake zimechoka na hajijui, akaanza madafu mawili kila asubuhi kwa kujitibu, unampeleka pabaya.

Birimbi ndilo linalonitia hofu zaidi, maana sisi huku tunaliona dogo. La kutia kwenye achari au kwenye mchuzi halina neno. Lakini lina asidi kali inayofanya vijiwe vidogo mfano wa sindano, na mtu akikamua juisi nzito akainywa kikombe kizima, vijiwe hivyo vinakwenda kuziba figo. Mwanangu anayesomea uuguzi alinisomea taarifa ya madaktari wa Kerala, India, ya mwaka 2013, ya wagonjwa kumi waliokunywa juisi ya birimbi kwa kutaka kushusha mafuta ya damu, figo zikagoma ghafla, wengine wakafikishwa kwenye mashine. Hao walikuwa wanatafuta afya. Nakusihi uandike tena, uwaambie watu waache hilo la juisi.

Kuna jengine la kwetu Pemba ambalo halitajwi panapozungumzwa figo. Kichocho. Tulipokuwa wadogo, mvulana akikojoa damu wenzake walimwambia amekua. Kumbe ni mdudu anayetoka kwenye konokono wa mtoni, anaingia kwenye ngozi unapooga, anataga mayai kwenye kibofu na kwenye mirija ya mkojo, na miaka ikipita mirija inakakamaa, mkojo unashindwa kushuka, unarudi juu na kuibana figo. Wataalamu wamefanya kazi kubwa ya kukipiga vita hapa kisiwani, na maabara ya afya ya jamii ya Wawi, hapa hapa Chake Chake, iko karibu kuliko watu wanavyodhani. Lakini bado nawaona watoto wakitoka skuli wanajitumbukiza mtoni na kukojoa humohumo. Vidonge vya kichocho vinapoletwa skuli, wazazi msimfiche mtoto.

Kisukari nitakigusia tu, wengi wameshakiandika, ingawa duniani ndicho kinachoua figo nyingi kuliko maradhi mengine yoyote. Chupa moja ya soda ina sukari isiyopungua vijiko saba vya chai. Juisi yetu ya mabungo, ambayo naipenda mno, tunaitia sukari mpaka bungo halijulikani. Mimi sasa nainywa siku ya Iddi na siku ya wageni.

Na maji jamani. Sitaji idadi ya glasi, kwa sababu mwenye kukaa ofisini na mwenye kukaa jaruba hawalingani. Tazama mkojo wako. Ukiwa wa rangi ya maji ya ndimu, umekunywa. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, umechelewa. Kule kwetu sasa tunakwenda na madumu manne badala ya moja, na tumekubaliana mzigo wa kwanza kupakiwa kwenye baiskeli ni maji, hata kabla ya reki. Mwenye figo zilizokwisha kuharibika asifuate hili, afuate kikombe cha daktari wake. Vilevile Ramadhani ikikaribia, mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kabla ya kunuia. Dini yetu ina nafasi kwa mgonjwa.

Nina maombi kwa wenye mamlaka, na ninayaomba kwa adabu. Kila mwaka Alhamisi ya pili ya Machi huwa siku ya figo duniani, na hupita. Naomba kila mtu aliyetimiza miaka arobaini anayeingia kituo cha afya, hata kama amekuja kwa kidonda cha mguu, afungwe kitambaa cha presha na atumbukiziwe kile kijikaratasi cha kupima protini kwenye mkojo wake. Kijikaratasi kile kinatoa jibu kabla hujamaliza kusalimiana na muuguzi, na bei yake huwezi kuilinganisha na siku moja ya mashine. Kaka angepimwa hivyo siku ile alipokwenda kushonwa kidole, miaka mitatu kabla ya kuvimba, tungejua.

Tena vipimo vitufuate. Wachuma karafuu wakati wa msimu wapo juu ya mikarafuu tangu alfajiri, kina mama wa mwani wamo baharini maji yakitoka, wavuvi wanarudi diko wamechoka. Hawa hawaendi kituoni mpaka waanguke. Sheha akipeleka neno na muuguzi akaja na mkoba wake dikoni au majarubani asubuhi moja, atawakuta watu hamsini. Sisi tutampa kivuli na maji ya kunywa.

Wenye maduka ya dawa nao nawaomba maswali matatu tu kabla hawajakata vidonge vya maumivu: una presha, una kisukari, umevinywa kwa muda gani? Anayejibu "kila siku" apelekwe kwa daktari. Nilikwenda kwenye lile duka la dawa alilokuwa akipita kaka, baada ya arobaini yake. Sikwenda kugombana. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hakujua. Nilimwamini, kwa sababu hata sisi tuliokuwa tukila naye sinia moja hatukujua.

Barua hii kabla sijaituma nimemsomea wifi yangu, maana ni habari za mumewe na ana haki nazo. Alisikiliza kimya. Alinisimamisha mahali pamoja tu, pale penye vidonge, nilipokuwa nimeandika miaka mitatu. Akasema ni minne, kwa sababu alianza mwaka ule mwanawe mdogo alipoingia skuli. Nimesahihisha.

Mzalishaji chumvi,
Chake Chake, Pemba.
(Jina langu kamili unalo, Mhariri.)